Mawe ya Mtoni Kwenye Meko ya Chanika

Nyinyi mnaoshika mwiko leo mna simu. Mteja akitaka meko ya bustanini anakuonyesha picha, unaikuza kwa vidole, unaona mpaka mstari wa udongo kati ya tofali na tofali. Sisi tulielezwa kwa mikono. Mtu anasimama uani kwake, anachora hewani, "iwe hivi, hapa ipinde kidogo," nasi tunaitikia kama tumeelewa, kisha tunarudi nyumbani tukibishana alimaanisha nini. Sikatai, picha inasaidia. Ila picha haikwambii upepo wa pale unatoka wapi, wala jiwe lile zuri lilichimbwa wapi. Kwa jambo hilo la jiwe nimeona niwaandikieni kabla sijasahau, au kabla sijafa, lolote litakalotangulia.

Mimi naitwa Idrisa, nakaa Kwamndolwa, Korogwe. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Nimejenga nyumba, vyoo, matangi na makaburi, lakini kazi iliyonipa jina ni meko za nje. Zile za kukaa watu jioni, wakachoma mishikaki na mahindi, wakaota moto wakati wa kipupwe. Kazi hiyo sikuianza peke yangu wala sikuibuni. Nilifundishwa na mwenzangu Athumani, mtu wa Mazingara, kule Handeni, ambaye mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Yeye Mzigua, mimi Msambaa. Alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu rafiki yangu kazaliwa mlimani kwenye baridi, ndiyo maana akiuona moto anataka kuukumbatia. Mimi nipo hapa kumzuia."

Na kweli alikuwa ananizuia. Nilikuja kwake nikiwa fundi wa saruji. Kwangu mimi kila kitu kilikuwa saruji. Meko ya kwanza tuliyojenga pamoja nilitaka kuisakafia ndani ing'ae kama sinki. Athumani akaniacha nisakafie upande mmoja, yeye akaukandika upande wa pili kwa udongo wa kichuguu aliouchanganya na mchanga na pumba za mpunga. Tukawasha moto. Upande wangu ulianza kulia taratibu, ta, ta, kisha ukabanduka vipande kama ganda la yai. Upande wake ulitulia, ukawa mwekundu kidogo, basi. Hakunicheka. Alisema, "Mama angekutandika na mti wa mwiko," akaendelea na kazi.

Kwa hiyo shikeni hilo: ndani, mahali moto unapolamba, weka tofali la kuchoma lililoiva na udongo wa kichuguu. Saruji ibaki nje, kwenye msingi na kuta za kukalia watu. Tofali lichukue mkononi uligonge kwa jingine. Likilia kama kikombe cha bati, limeiva. Likisema "bu," lirudishe, hata kama mwenye tanuri ni shemeji yako. Ukimaliza kujenga usiwashe. Iache ikauke kivulini hadi uiguse na kiganja usisikie ubaridi wa maji. Kisha washa moto mdogo wa vijiti, uuache ufe, kesho mkubwa kidogo. Mteja atakusumbua, atakwambia wageni wanakuja Jumamosi. Mwambie wageni wale ndani.

Mteja akikuuliza achague meko ya namna gani, usikimbilie kujibu. Muulize nani atakaa pale. Mtu wa nyumba ya kupanga mpeleke kwa mafundi wa kuchomelea wamtengenezee ya chuma, ringi ya lori yenye miguu, aihamishe upepo ukigeuka na aondoke nayo akihama. Lakini kama ana watoto wanaotambaa, mwambie wazi kwamba chuma kinaunguza kila upande na hakibadiliki rangi kumwonya mtoto. Ya udongo inashika joto vizuri na ni rahisi, ila mvua ni adui yake. Ya matofali ukishaijenga haihami, kwa hiyo akili yote iwe kwenye kuchagua mahali.

Kuchagua mahali Athumani alikuwa na subira ya ajabu. Alikuwa anakwenda na kipande cha gunia la katani, anakiwasha pembe, anakishika juu na kuangalia moshi unakokwenda. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Mwenye nyumba mmoja wa Korogwe alitaka meko chini ya banda la makuti ili mvua isiifikie. Athumani akamtazama. "Mzee, na banda nalo unataka liote moto?" Mwingine aliitaka jirani na dirisha la jikoni, wapishi wasitembee mbali, na chini ya lile dirisha ulikuwepo mtungi wa gesi. Athumani aligeuza ndoo akaikalia, akasema hachanganyi udongo mpaka mtungi uhame. Ulihama.

Kuni nazo. Zikauke. Usiruhusu mtu achome mbao za kochi lililopakwa rangi, moshi wake ni sumu. Usiruhusu matawi ya mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe, yaliyokatwa kwenye ua, moshi wake unachoma macho. Na petroli isionekane hata kwenye chupa ya soda. Ndoo ya mchanga na dumu la maji viwe karibu kabla kiberiti hakijawaka. Majivu usiyatupe jalalani siku hiyo hiyo, kwa sababu kaa hai hukaa ndani yake mpaka kesho likionekana kama limekufa. Na makaa yaliyobaki, hata baridi iwe kali kiasi gani, yasiingizwe chumbani na milango ikafungwa. Hayatoi moshi, watu wanadhani hayana neno, na wanalala wasiamke. Hilo ukimjengea mtu meko mwambie mara mbili, na umwambie na mkewe.

Sasa niwaambie ya Chanika.

Pale Chanika, Handeni mjini, kuna familia ya Kihindi, Waislamu, yenye duka la vifaa vya ujenzi. Wakati ule aliyelisimamia alikuwa Bwana Hanifu, mtu mpole, mcheshi, anayemjua kila fundi wa wilaya kwa jina na kwa udhaifu wake. Mama yake, Mama Gulbanu, alikuwa amezeeka na viungo vinamuuma. Kipupwe kikifika alikuwa hatoki chumbani. Akamwambia mwanawe anataka moto wa nje, bustanini, kama ule waliokuwa wakikaa kuuzunguka akiwa msichana. Hanifu akatuita.

Ile ilikuwa meko nzuri kuliko zote tulizojenga. Nasema hivyo bila haya. Tulimwekea Mama Gulbanu ukuta wa kuegemea unaorudisha joto mgongoni, tukamwachia nafasi ya kiti chake mbali na cheche. Athumani alimketisha mwenyewe, akasogeza kiti mbele, akakirudisha nyuma, akamuuliza, "Hapa, mama? Magoti yanasikia?" Mama Gulbanu akasema, "Rudisha kidogo, mwanangu, magoti yangu mazee lakini si mishikaki." Tulicheka wote. Kipupwe kile, na vipupwe vilivyofuata, alitoka chumbani. Tukipita Chanika lazima tuingie tumsalimie, na tusipoingia anamtuma mtu atuite barabarani.

Ukaja mwaka mjukuu wake wa kike alipochumbiwa. Hanifu alitaka kupendezesha bustani kwa ajili ya wageni wa upande wa mume. Akaona picha kwenye simu: meko imezungushiwa mawe ya mviringo, meusi na meupe, laini kama mayai, mengine yamo ndani kabisa na miali inatoka katikati yake. Inapendeza kweli, nimeiona ile picha. Akaagiza pikapu ikalete mawe kutoka mtoni, vibarua wakayapanga ndani ya meko siku moja kabla ya shughuli. Hakutuuliza. Angeuliza nini? Kwake yeye jiwe ni jiwe.

Nyinyi hamtakuwa na udhuru huo, kwa sababu ninawaambia. Jiwe lililokaa mtoni limekunywa maji. Nje litakauka, utaliona kavu, utalipapasa na kuliona kavu, na ndani maji yapo. Likipata moto yale maji yanakuwa mvuke, na mvuke unatafuta njia. Usipoipata, jiwe linapasuka kama bomu.

Tulialikwa kama watu wa nyumbani. Tulifika baada ya Alasiri, tumevaa kanzu, Athumani na kofia yake mpya. Moto ulikuwa umeshawaka, mkubwa, vijana wameujaza kuni. Mimi nilipitia bombani karibu na lango kunawa mikono. Athumani alitangulia. Nikasikia mlio mdogo, pa! Watu wakacheka, wakadhani watoto wamerusha fataki. Nilipogeuka nilimwona Athumani amesimama katikati ya nyasi, shingo ameinyoosha, anatazama ndani ya meko. Nilimjua yule mtu. Sikuwahi kumwona na uso ule.

"Tokeni!" akapaza sauti. "Jamani, tokeni hapo! Mawe ya mtoni hayo!"

Vijana waliruka nyuma, wengine bado wanacheka. Mama Gulbanu alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, na kwa kuwa wageni walikuwa wengi, kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kupita pale tulipompangia. Athumani akamfikia, akashika kiti akivute nyuma. Miguu ya kiti ilikuwa imezama kwenye nyasi zilizomwagiwa maji asubuhi. Akavuta tena. Hakikutoka, na mama mwenyewe hawezi kusimama haraka.

Nilikuwa nakimbia. Nilimwona akiangalia jiwe moja kubwa lililokuwa katikati ya moto, kisha akamwangalia Mama Gulbanu, kisha akachukua sepetu iliyoegemezwa ukutani, akasimama mbele ya mama yule na kuanza kuvuta kuni zinazowaka, kuzitupa pembeni, uso wake umeelekea moto. Aliwahi kuvuta mbili au tatu. Jiwe likapasuka.

Mama Gulbanu hakupata hata mkwaruzo. Kofia ya Athumani ilitoboka, kanzu ilitapakaa damu, na yeye alikuwa amekaa chini, mikono usoni, anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama mzima? Mama yu mzima?"

Hanifu alimbeba kwenye gari lake mwenyewe. Hospitali ya kwanza ilituelekeza ya pili, na ya pili ikatupeleka mbali zaidi kwa madaktari wa macho. Walifanya walichoweza. Jicho moja lilikuwa limekwisha pale pale. La pili lilibaki na mwanga kidogo, kama mtu anayetazama kupitia shuka, kisha nalo likazimika.

Sitaki kuwadanganya kwamba alipokea kwa ushujaa. Alinyamaza. Nilikuwa nakwenda Mazingara kila nikipata nafasi, naketi naye, namweleza kazi niliyopata, tofali za mtu fulani hazikuiva, mteja fulani mkaidi. Anaitikia "ee," "ee," kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mkewe, Mama Zaina, alikuwa anamshika mkono kumpeleka chooni, anamkatia nyama vipande, na hata mara moja sikumsikia akilalamika. Hanifu alikuja, akalia mbele yake kama mtoto. Athumani akamwambia, "Hukukusudia, bwana. Kunywa chai." Lakini yeye mwenyewe chai hakuinywa.

Halafu siku moja nikamletea habari kwamba Hanifu amekodi watu waje na nyundo kubwa waivunje ile meko. Nilidhani itampoza moyo. Athumani akainua kichwa.

"Aivunje kwa nini?"

"Hawawezi kuitazama, ndugu yangu. Mama hataki hata kufungua dirisha la upande ule."

"Meko imekosa nini?" Akanyoosha mkono nimwinue. "Nipeleke Chanika."

Nilimpakia kwenye bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshikilia. Tulipofika wale watu wa nyundo walikuwa wameshavua mashati. Athumani akaomba wakae pembeni. Akaniambia nimfikishe kwenye meko, akapiga magoti, akaingiza mikono ndani. Alianza kuyatoa mawe. Jiwe moja moja, analipapasa, analipitisha kwangu, nami naliweka mbali. Vipande vya lile lililopasuka aliviokota pia, vyenye makali, anavijua kwa vidole. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Hanifu alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo kwa mkono.

Mawe yalipokwisha akapapasa kuta za ndani, udongo ule aliokandika mwenyewe. "Nzima," akasema. "Ina ufa hapa kidogo, tutaziba."

Mama Gulbanu alikuwa ameletwa nje, ameketi nyuma yake. Akamwita. "Athumani, mwanangu. Mimi nimezeeka, nimeshaona kila kitu. Macho uliyokuwa nayo ukaja kuyatoa kwa ajili yangu mimi?"

Athumani akageukia ile sauti. Ndipo nikamsikia akicheka, mara ya kwanza tangu siku ile. "Basi, mama, kama unaona, niambie mbele yako kuna nini."

Mama Gulbanu akaanza kumweleza. Mpera umezaa lakini ndege wanamaliza. Mawaridi yamekauka kwa sababu mtunza bustani mvivu, na yule pale anajifanya hasikii. Paka amelala juu ya ukuta wa meko. Hanifu ananenepa. Akaendelea hivyo, na Athumani amekaa chini kwenye nyasi, uso ameuinua, anasikiliza. Wale watu wa nyundo wakavaa mashati yao wakaondoka.

Baada ya hapo kipupwe kikiingia gari lilikuwa linatumwa Mazingara kumchukua. Wanakaa wawili kwenye ule moto, yeye na Mama Gulbanu, mama anasimulia anayoyaona barabarani kupitia lango, na nina hakika nusu alikuwa anatunga. Mimi niliendelea na kazi peke yangu. Nilikuwa nampelekea sampuli za udongo anifikichie vidoleni na kuniambia mchanga umezidi au haujazidi. Lakini kazi haikuwa na ladha. Nyinyi mkipata mwenzi wa kazi mnayeelewana naye kiasi cha kutohitaji kusema "nipe mwiko," jueni mmepata kitu kikubwa, na hamtakipata tena.

Mama Gulbanu alitangulia. Athumani akamfuata msimu wa masika uliopita, homa ya siku chache tu. Tukamzika Mazingara, ardhi imelowa, majembe yananata. Hanifu, naye sasa ana mvi, alishuka kaburini kumpokea.

Baada ya mazishi nilikwenda uani kumpa mkono wa pole Mama Zaina. Alikuwa amekaa kwenye kigoda peke yake, wanawake wengine wanapakua chakula upande wa pili. Nilimsalimu, nikachuchumaa. Kisha akaniuliza, bila kunitazama:

"Shemeji, wewe ulikuwa naye sana. Nikuulize kitu. Alishawahi kujuta?"

Nikajifanya sikuelewa. "Kujuta nini, shemeji?"

"Siku ile. Kusimama pale. Kwangu hakusema hata neno moja. Watu wote wanakuja hapa wanamsifu, Hanifu anamsifu, sheikh leo kamsifu kaburini. Mimi nakaa nasikiliza. Nilikuwa namwogesha, shemeji, nikiwaza: mbona hukumwacha yule mama? Alikuwa bibi kizee. Mimi nilikuwa na watoto wadogo. Nawaza hivyo huku nammwagia maji, kisha najiona mimi ni shetani." Akajifuta pua kwa pembe ya kanga. "Miaka yote hiyo. Yeye ametulia kama malaika na mimi nina moyo wa namna hii."

Nilikuwa nimeahidi kutosema. Zaina, binti yao, alipojifungua mtoto wake wa kwanza nilikwenda kutazama mtoto. Wakampakatisha Athumani. Akampitisha vidole usoni, paji, pua, midomo, kama alivyokuwa akipapasa udongo. Akaniuliza, "Amefanana na nani?" Nikamjibu, "Na wewe, masikini, pole yake." Akacheka. Wanawake walipotoka chumbani bado amempakata, na nikaona machozi yanamdondokea mtoto kwenye shuka. Akasema, "Idrisa, ningerudi nyuma kidogo tu siku ile. Kidogo tu. Ningemwona huyu." Alilia mpaka mtoto naye akaanza kulia. Kisha akanishika mkono. "Mama Zaina asijue. Amebeba mengi."

Nilifikiri yote hayo nikiwa nimechuchumaa pale uani. Mwenye siri alikuwa chini ya udongo mbichi, na mkewe alikuwa mbele yangu.

"Aliwahi," nikamwambia. Nikamweleza yote, ya mtoto na vidole na machozi kwenye shuka.

Mama Zaina alisikiliza hadi mwisho. Aliinamisha kichwa juu ya magoti, mabega yakatikisika, nikaogopa kwamba nimeharibu. Alipoinua uso ulikuwa umelowa wote, na ulikuwa umelegea kama uso wa mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe tulikuwa wawili."